Kumheshimu Mzee Si Kumkalisha Kitini

Katika majumba yetu iko desturi moja iliyo njema kwa asili yake, lakini isipoangaliwa huleta madhara makubwa. Desturi hiyo ni ile ya kumpumzisha mzee. Baba akisha kustaafu, au mama akisha kupata wajukuu, watoto wao huwa na shauku ya kuwalipa wema. Huwanunulia kiti kizuri, huwawekea runinga mbele yao, na kila watakapo kuinuka huambiwa: "Kaa, mama, mimi nitakuletea." Mama akitaka kwenda sokoni, hutumwa kijana. Baba akitaka kwenda msikitini, huitiwa bajaji. Wakitaka kumzuru jirani wa mtaa wa pili, huambiwa wangoje gari. Na watoto wote hao huona kwamba wanatimiza haki ya wazazi.

Sisi hatuna shaka na nia yao. Kuwatendea wema wazazi wawili ni wajibu wa kila Mwislamu, wala hakuna asiyeyajua hayo. Lakini twapenda kuwauliza wasomaji wetu swali moja: Je, mzee aliyekalishwa kitini mwaka huu, baada ya miaka mitatu huwaje? Aghalabu yule aliyekuwa akipanda ngazi peke yake huanza kushikwa mkono. Aliyekuwa akishikwa mkono huanza kuiogopa hata njia ya chooni. Kisha siku moja huteleza, mfupa wa nyonga ukavunjika, na tangu siku hiyo kitanda huwa ndicho makazi yake. Watu husema, "Ni uzee huo." Naam, sehemu moja ni uzee, lakini sehemu nyingine ni kile kiti.

Makusudi ya makala haya, basi, ni kueleza kwamba kutembea kwa miguu kila siku ni katika mambo yanayomhifadhia mzee nguvu zake, na kwamba mtoto amwendeshaye mzazi wake kwa miguu, kwa upole na kwa kadiri ya uwezo wake, amemtendea wema ulio mkubwa kuliko yule amkatazaye kuinuka.

MWILI HAUFANANI NA NGUO

Nguo kadiri ivaliwavyo ndivyo ichakaavyo. Atakaye idumu huikunja akaiweka sandukuni. Watu wengi hudhani kwamba mwili nao una tabia hiyo, kuwa mtu amepewa akiba ya nguvu, na yafaa aitumie kwa uchache isije ikamwishia. Sivyo ulivyo. Mwili hudumu kwa kutumiwa, na hudhoofika kwa kuwekwa.

Madaktari hutueleza kwamba mtu apitapo miaka 30 hivi, misuli yake huanza kupungua kidogo kidogo, na apitapo miaka 60 upungufu huo huongeza kasi. Hilo ni jambo la umri, wala hapana awezaye kulizuia kabisa. Lakini juu ya upungufu wa umri huja upungufu mwingine wa kutotumia, nao huja upesi kuliko tudhanivyo. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio walilowafanyia wazee wenye siha njema, ambao umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 67. Wazee hao walilazwa kitandani siku 10 bila ya kuwa na ugonjwa wowote. Siku hizo zilipotimia, walikutwa wamepoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Ikiwa siku 10 za kulala zafanya hivyo kwa mtu mzima wa afya, msomaji na akadirie mwenyewe kazi ifanywayo na miaka ya kukaa.

Sasa na tutazame nini hutokea mtu atembeapo. Ndani ya mishipa ya miguu irudishayo damu moyoni mna vilango vidogo vifungukavyo upande mmoja tu. Tukanyagapo, misuli ya shavu la mguu huikamua mishipa hiyo, na damu ikapanda juu. Hivyo moyo husaidiwa kazi yake. Misuli ifanyayo kazi huchota sukari iliyomo katika damu na kuitumia, hata kwa mtu ambaye insulini yake haifanyi kazi sawasawa. Mifupa ibebapo uzito wa mwili hatua baada ya hatua hushikilia uimara wake. Na ubongo, ambao kila hatua huna budi kuupima mwili usianguke, hubaki na mazoezi ya kazi hiyo. Mtu aachapo kutembea, mambo yote manne huzorota pamoja.

USHAHIDI WA WATAALAMU

Hapo kale watu waliyajua haya kwa uzoefu tu. Aliyeyatolea ushahidi wa hesabu katika zama zetu ni daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris. Baada ya Vita Kuu vya Pili, maradhi ya moyo yalizidi sana katika nchi yake, na sababu haikuwa bayana. Daktari Morris na wenzake waliwachungua wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mji wa London. Katika kila basi walikuwamo watu wawili: dereva, ambaye hukaa kitini zamu nzima, na kondakta, ambaye hupanda na kushuka ngazi mara kwa mara akikata tikiti. Watu hao walikuwa wa tabaka moja, wakiishi katika mji mmoja. Hata hivyo, makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Na wapeleka barua wa posta, waendao kwa miguu na kwa baisikeli, walionekana wenye salama kuliko makarani wakaao mezani. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1953 katika jarida la utabibu liitwalo The Lancet. Daktari Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 99.

Tangu siku hizo uchunguzi umeongezeka. Tutataja mitatu tu.

Wa kwanza wahusu ugonjwa wa kisukari, ambao hakuna mtaa wetu usioujua. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa watu 3,234 waliokuwa karibu kuingia katika kisukari. Kundi moja liliagizwa kupunguza uzito kwa kula kwa kiasi na kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma, na mazoezi ya wengi wao yakawa ni kutembea kwa haraka. Kundi la pili lilipewa dawa ya metformin, na la tatu kidonge kisichokuwa na dawa. Wakilinganishwa na kundi la tatu, wale wa dawa walipungukiwa na hatari ya kuugua kwa asilimia 31, na wale wa chakula cha kiasi na mazoezi kwa asilimia 58. Na kwa wale waliotimiza miaka 60 na zaidi, faida hiyo ya mwenendo ilifika asilimia 71. Wazee, basi, hawakuwa nyuma ya vijana. Walikuwa mbele yao.

Wa pili wahusu wazee wasiokuwa na desturi ya mazoezi. Watu 1,635 wa umri wa miaka 70 hadi 89, katika Marekani, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa masomo ya afya. La pili liliwekwa katika mpango wa kutembea, pamoja na mazoezi mepesi ya nguvu na ya kujisimamisha. Baada ya miaka miwili na nusu hivi, iliangaliwa ni nani awezaye bado kutembea mita 400 bila ya kusaidiwa na mtu. Katika kundi la masomo, watu 35 hivi katika kila 100 walikuwa wamepoteza uwezo huo wakati fulani. Katika kundi la kutembea walikuwa 30. Matokeo haya yalitangazwa mwaka 2014. Tofauti ya watu 5 katika 100 si muujiza. Lakini mita 400 ndio mwendo wa kutoka nyumbani hadi dukani, au hadi msikitini, au hadi kwa dada yako. Mzee awezaye kwenda mwendo huo ni mtu huru. Asiyeuweza humngoja mwingine kwa kila haja.

Wa tatu wahusu akili. Mwaka 2011 ilitangazwa habari ya wazee 120 waliogawanywa makundi mawili kwa muda wa mwaka mmoja. Waliotembea dakika 40 mara tatu kwa juma walipimwa ubongo, ikaonekana sehemu ihusikayo na kumbukumbu imekua kwa asilimia 2 hivi. Na kwa wale waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu, sehemu hiyo ilipungua.

WENZETU WA ZIWA EYASI

Huenda msomaji akasema, "Hao ni watu wa Ulaya na Marekani, sisi tu wengine." Basi na tuwatazame wenzetu Wahadza, wakaao karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania. Wako miongoni mwao ambao hata leo huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda ya porini na kutafuta asali, na kazi zote hizo hazifanyiki ila kwa kwenda. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba huchukua zaidi ya saa mbili kila siku katika kazi za kuuchangamsha mwili, na kwamba watu wazima wao hawapunguzi kazi hizo kadiri umri uendeleavyo. Walipopimwa, shinikizo la damu lilikuwa ni nadra kwao hata uzeeni.

Hatusemi kwamba watu wote warudi porini. Twasema hivi: shinikizo la damu, ambalo mijini tumelihesabu kuwa ni mgeni wa lazima wa kila mzee, si la lazima kwa kiasi tunachodhani.

KIASI KITOSHACHO

Watu wengi wamesikia kwamba hapana budi kutimiza hatua 10,000 kila siku, na mzee asikiapo hesabu hiyo hukata tamaa kabla ya kuanza. Yafaa ijulikane asili yake. Mwaka 1965, katika Japani, kampuni moja iliuza kijisaa cha kuhesabia hatua na kukiita kwa jina lenye maana ya kipimo cha hatua 10,000. Lilikuwa ni jina la biashara, wala halikuwa agizo la madaktari. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, wa wanawake karibu 17,000 wa Marekani ambao umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 72, ulionyesha kwamba waliokwenda hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliokwenda 2,700, na kwamba faida iliendelea kuzidi mpaka kiasi cha hatua 7,500, kisha ikasimama. Ni kweli kwamba mgonjwa naye hutembea kidogo kwa sababu ya ugonjwa wake, hivyo hesabu hizi pekee si hukumu ya mwisho. Lakini zaafikiana na majaribio tuliyoyataja.

Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, lilisema kuwa mtu mzima, hata aliyepita miaka 65, afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Na aliyepita miaka 65 aongeze, siku tatu au zaidi kwa juma, mazoezi ya nguvu na ya kujisimamisha imara. Asiyeweza kiasi hicho afanye awezacho, kwani kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwendo wa wastani hujulikana hivi: mtu aweze kuzungumza na mwenzake, lakini pumzi isimruhusu kuimba. Na mazoezi ya kujisimamisha si kazi ya ajabu. Mzee ashike ukuta asimame kwa mguu mmoja kwa muda kidogo, kisha kwa mguu wa pili. Au ainuke kitini na kukaa tena mara kumi bila ya kujivuta kwa mikono.

Na tupige hesabu iliyo karibu nasi. Ikiwa msikiti uko mwendo wa dakika 5 kutoka nyumbani, kwenda na kurudi ni dakika 10. Kwa sala tano, ni dakika 50 kwa siku. Na kwa juma ni dakika 350. Mzee aendaye kwa miguu msikitini kwa kila sala amekwisha kupita kiwango cha juu cha madaktari, naye alikusudia ibada tu. Hata aendaye kwa sala tatu hupata dakika 210. Kisha twamwitia bajaji! Na tukumbuke kwamba mwenye kuhiji hupita baina ya Safa na Marwa mara saba, kiasi cha kilomita 3, mbali na tawafu na safari nyingine. Wako wanaoweka fedha za Hija miaka mingi, na siku ya kufika hukuta fedha ziko lakini miguu haipo. Aliye na nia hiyo na aanze leo kuiandaa miguu yake pamoja na fedha zake.

AKINA MAMA WASISAHAULIWE

Mara nyingi baba huokolewa na msikiti na baraza, lakini mama hubaki ndani. Alipokuwa kijana alichota maji, alitwanga, alikwenda shamba. Na sasa mabinti na wakwe wamemwondolea kila kazi, wala hawakumpa badala yake. Basi magoti hukaza, uzito huzidi, na usingizi wa usiku humpotea. Tiba yake haina taabu. Baada ya sala ya Alfajiri, kabla jua halijapanda, binti mmoja na amchukue mama yake, wavae mavazi yao ya heshima, wazunguke mtaa kwa dakika 20. Ikiwa haiwezekani kutoka, ua wa nyumba watosha, na hata ukumbi, akienda na kurudi. Na kazi ndogo za nyumbani azipendazo asinyang'anywe.

WASIWASI NA HADHARI

Wako wanaoona haya. Husema, "Nikimwacha baba aende kwa miguu, watu watasema nimeshindwa kumlipia gari." Kisha hutoa methali isemayo kuwa mtembezi hula miguu yake. Lakini wahenga walimlaumu mzururaji asiye na kazi wala kituo. Hawakumlaumu aendaye kwa miguu katika haja yake. Wao wenyewe walikwenda kwa miguu. Na maneno ya watu hayamwinui mzee aliyeanguka.

Wengine husema magoti yanauma. Kwa maumivu ya magoti yaletwayo na kulika kwa viungo, madaktari wengi huagiza mgonjwa atembee kwa kiasi, kwani misuli ya paja ikiwa na nguvu hulipunguzia goti mzigo. Aanze na dakika 5, aongeze dakika chache kila juma, na akihitaji mkongojo autumie bila ya haya.

Hata hivyo, hadhari ni lazima. Mwenye maradhi ya moyo, au aliyekaa miaka mingi bila ya kutembea, apate kwanza shauri la daktari. Ahisipo kifua kinambana, au pumzi yamkatika kuliko kawaida, au kizunguzungu, asimame mara moja na atafutiwe matibabu. Mwenye kisukari asiende miguu mitupu. Avae viatu vilivyofungika visivyombana, na kila jioni atazame nyayo zake, au atazamiwe na mjukuu, kwani kidonda kidogo asichokihisi chaweza kumletea balaa. Atumiaye insulini au vidonge vya kisukari achukue kitu kitamu mfukoni. Jua la mchana liepukwe, na maji yanywewe. Wala asiwepo atakayeacha dawa zake kwa kuwa ameanza kutembea.

WAJIBU WA VIJANA

Vijana, maneno yetu ya mwisho ni yenu. Twajua kuwa ni vyepesi kumlipia mzee nauli kuliko kumpa nusu saa. Nauli hutolewa mfukoni ikaisha. Nusu saa hutolewa katika umri, na kwa hiyo huwa nzito. Lakini mzee wenu hakosi gari. Akosacho ni mtu wa kwenda naye kwa mwendo wake, asimkimbize, amshikie taa usiku, ampishe pembeni zipitapo bodaboda, na asikilize khabari za zamani ambazo amekwisha kuzisikia mara kumi. Ondoeni njiani ndoo na waya za kumkwaza, wekeni taa penye ngazi, na bao la kupumzikia karibu na mlango. Kisha mwambieni, "Baba, twende."

Nanyi pia mtafaidika, kwa kuwa miguu iendayo pamoja na mzee ni miguu itakayozeeka. Mwenye miaka 25 leo akaaye mchana kutwa mezani na usiku kutwa katika simu, anajiandalia kile kile kiti alichomnunulia baba yake.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu siha na nguvu za kusimamia haja zao, na awape vijana wetu subira ya kwenda nao polepole. Amin.